Tone Limeshikana: Je, Ni Brusela?

Maswali ya wasomaji kuhusu kipimo cha damu

Tuliomba maswali kuhusu brusela, ambayo kwa wafugaji ni ugonjwa wa kutupa mimba. Barua zimetufikia kutoka ukanda wa ng'ombe wa Uganda karibu wote, kuanzia Karamoja, kupitia Nakasongola, hadi Kiruhura na Isingiro. Zinazofanana tumeziunganisha.

*

Nilikuwa na homa ya jioni, jasho usiku na kiuno kuuma. Kliniki moja ya mjini ilinichoma kidole, na baada ya dakika tano nikaambiwa nina brusela na taifodi kwa pamoja. Nilimeza dawa wiki mbili. Miezi mitatu imepita, nimepima tena, bado chanya. Dawa imeshindwa, au damu yangu imeharibika?
Mfugaji, Nakasongola

Damu yako haijaharibika, mzee wetu. Kipimo ulichofanyiwa hakimtafuti bakteria mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza baada ya kukutana naye. Ukikuta alama za kwato kwenye matope ya bwawa unajua ng'ombe wamepita, lakini huwezi kuapa kwamba wamepita leo asubuhi.

Kingamwili za kwanza, zinazoitwa IgM, hujitokeza ndani ya wiki ya kwanza ya ugonjwa. IgG hufuata kuanzia wiki ya pili. Mgonjwa akipona, IgG hushuka polepole, na kipimo cha haraka kinaweza kubaki chanya kwa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, kwa mtu anayelima, anayekamua na anayelala bila homa. Kwa hiyo kupima tena kwa njia ileile baada ya miezi mitatu hakukuwa na faida. Jibu la "chanya" lilitarajiwa.

Kinachotutia wasiwasi ni zile wiki mbili za dawa. Brusela hujificha ndani ya seli za mwili, na ndiyo maana hutibiwa kwa dawa mbili kwa muda mrefu. Kwa mtu mzima, matibabu ya kawaida ni doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa wiki 6. Pamoja nayo huenda rifampisini miligramu 600 hadi 900 kwa siku kwa wiki hizo 6, au sindano za streptomaisini gramu 1 kwa siku kwa wiki 2 hadi 3. Wajawazito na watoto walio chini ya miaka 8 hupangiwa dawa nyingine. Dawa moja peke yake, au mbili zilizokatishwa njiani, huacha mlango wazi kwa ugonjwa kurudi, na ukirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miezi 6 ya kwanza.

Sasa jiulize: homa imerudi? Jasho je? Kiuno? Kama dalili zipo, nenda hospitali yenye maabara inayoweza kupima kiasi cha kingamwili, siyo kuwepo kwake tu, na uwaambie ulitumia dawa gani na kwa siku ngapi. Kama huna dalili yoyote, karatasi ya "chanya" peke yake si sababu ya kuanza dawa upya.

Kuhusu taifodi: bakteria wa taifodi na wa brusela hawafanani kiasi cha kuchanganywa kirahisi. Mtu anapoambiwa ana vyote viwili ndani ya dakika tano, mara nyingi ni vipimo viwili vya kigae (tone la mgonjwa huchanganywa na bakteria waliouawa, yaani antijeni, na wakishikana jibu ni chanya) vilivyosomwa haraka haraka, kwa damu ya mtu aliyewahi kukutana na vijidudu hivyo zamani, au mwenye malaria, kwa kuwa malaria huchochea mwili kutoa kingamwili za kila namna. Taifodi huthibitishwa kwa kuotesha damu, yaani kuwakuza maabara bakteria waliomo ndani yake. Na damu nzima ya kidoleni, yenye chembe nyekundu zake, haifai kwa kipimo cha brusela cha kigae. Kinachotakiwa ni seramu, yale maji ya manjano yanayobaki damu ikishaganda.

*

Maabara yetu ni ya kituo cha afya cha ngazi ya III. Tunatumia Rose Bengal, kipimo cha brusela cha kigae. Siku hizi hata seramu tunazojua ni hasi zinaonyesha chembechembe. Tatizo ni antijeni au ni sisi? Tafadhali tupeni utaratibu kamili.
Wahudumu wa maabara, wilaya ya Kiruhura

Yote mawili yanawezekana, na kuyatenganisha kunachukua dakika nne. Weka tone la antijeni kwenye kigae cheupe, ongeza tone la maji ya chumvi ya asilimia 0.85, changanya, tikisa. Antijeni ikishikana yenyewe bila seramu yoyote, chupa imekufa, itupeni. Ikibaki laini kama maziwa ya waridi, tafuteni kosa kwenye seramu au kwenye mikono.

Antijeni hiyo ni bakteria wa Brucella abortus waliouawa kwa joto, wakatiwa rangi ya Rose Bengal, kisha wakawekwa kwenye bafa (maji yanayoshikilia kiwango cha asidi) yenye asidi ya pH 3.65 kwa wingi wa asilimia 8 hivi. Asidi hiyo ina kazi: inapunguza kushikana kwa ovyo kunakoletwa na IgM na kuipa IgG nafasi. Chupa ikiachwa wazi, ikiongezwa maji "ili idumu", au ikiwekwa tone kwa kifaa kilichogusa seramu, pH inahama na kipimo kinageuka kuwa kingine. Adui mkubwa kuliko wote ni barafu. Antijeni hii huhifadhiwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, gizani, na haigandishwi kamwe. Kwenye friji nyingi za vituoni ukuta wa nyuma hugandisha, na chupa huwa zimesukumwa hukohuko nyuma ili chanjo zikae mbele. Tungeanza uchunguzi hapo.

Damu ichukuliwe mililita 4 au 5 kwenye chupa ya kifuniko chekundu isiyo na dawa ya kuzuia kuganda. Iache isimame wima dakika 30 hadi 60. Wengi wanakosea hapa: foleni ni ndefu, damu inazungushwa kwenye mashine ikiwa haijaganda vizuri, na nyuzi ndogo za fibrini zinabaki ndani ya seramu. Nyuzi hizo zikikutana na antijeni yenye asidi hutengeneza vipande ambavyo jicho lenye haraka huviita brusela. Zungusha dakika 10 kwa nguvu ya g 1,500 hivi, kisha hamisha seramu kwenye chupa safi. Ikiwa nyekundu kwa chembe zilizopasuka, au nyeupe kwa mafuta, omba damu nyingine. Seramu itakayopimwa ndani ya siku chache ikae kwenye friji, na ya kungoja zaidi igandishwe kwenye nyuzijoto 20 chini ya sifuri. Kumbuka: seramu inagandishwa, antijeni haigandishwi. Usiigandishe na kuiyeyusha mara kwa mara.

Toa antijeni ya kazi ya siku hiyo tu, na uiache pamoja na seramu zifike joto la chumba, kati ya nyuzijoto 18 na 26. Antijeni ya baridi hushikana polepole na kuwaficha wagonjwa. Weka mikrolita 30 za seramu kwenye kigae. Tikisa chupa ya antijeni taratibu, bila povu, kisha weka mikrolita 30 kando ya seramu. Kama mnatumia kidondoshi cha chupa badala ya pipeti, kishikeni wima kabisa, maana kikiinama tone hupungua. Changanya kwa kijiti safi, kimoja kwa kila seramu, mpaka upate duara la sentimita 2. Tikisa kigae taratibu kwa dakika 4 kamili kwa saa, halafu soma papo hapo kwenye mwanga mzuri. Kushikana kokote kunakoonekana ni chanya. Dakika ya sita au ya saba kingo zinakuwa zimeanza kukauka na kila seramu inaonekana mgonjwa. Ukipanga matone kumi na mbili peke yako, la kwanza litachelewa kusomwa. Panga manne au matano.

Kila siku pimeni kwanza kontroli tatu, yaani seramu ambazo jibu lake mnalijua: chanya kali, chanya dhaifu, na hasi. Vituo vingi vina ya kwanza na ya mwisho tu. Chanya kali itashikana hata antijeni ikiwa nusu mfu, na ni ile dhaifu itakayowaambia kwamba nguvu imeanza kupungua. Watengenezaji wenyewe hupima antijeni kwa seramu ya kimataifa ya mfano: lazima ishikane waziwazi ikizimuliwa 1:45, na isishikane ikizimuliwa 1:55. Uwanja huo ni mwembamba sana, na joto la friji mbovu linatosha kuitoa antijeni nje yake.

Seramu ikiwa chanya, msiishie hapo. Izimueni kwa maji ya chumvi 1:2, 1:4, 1:8, 1:16 na 1:32, rudieni kipimo, na muandike kwenye daftari: "Rose Bengal chanya, imeshikana hadi 1:16." Maneno kama "Brucella +++" hayamsaidii daktari wa leo wala wa mwezi ujao. Na kama kituo kinauziwa zile seti zenye chupa mbili, moja imeandikwa abortus na nyingine melitensis, msimwambie mgonjwa ana aina ipi. Bakteria hao wawili wana sukari ileile juu ya ngozi yao, na kingamwili za mmoja hushika chupa ya mwenzake. Kipimo cha kigae hakiwezi kuwatenganisha hata kama karatasi ya seti inadai hivyo.

*

Nimepewa karatasi inasema taita 1:80. Ni ugonjwa au si ugonjwa?
Mchuuzi wa maziwa, Mbarara

Taita ni kiwango cha mwisho cha kuzimua ambapo seramu bado inashikana. Kwenye kipimo cha mirija, 1:160 na kuendelea, kwa mtu mwenye dalili, huhesabiwa kuwa dalili nzito ya brusela. Kwenye maeneo ambako watu wengi hukutana na bakteria huyu maisha yao yote, wataalamu wengi husubiri 1:320. Wewe unashika maziwa mabichi kila siku, hivyo 1:80 peke yake haisemi mengi. Rudi baada ya wiki mbili, upimwe kwenye maabara ileile. Ikipanda mara nne, yaani kutoka 1:80 hadi 1:320, hilo ni jibu. Ukiwa na homa kali au maumivu ya mgongo yasiyopoa usingoje wiki mbili, muone daktari sasa.

Kuna mtego mmoja hapa unaoelekea upande wa pili. Damu yenye kingamwili nyingi kupita kiasi inaweza kuonekana hasi kwenye mirija ya mwanzo: kila bakteria anakuwa amefunikwa pande zote, hakuna kingamwili inayobaki na mkono wa kumshika jirani. Maabara inayoishia 1:80 inaweza kumrudisha nyumbani mgonjwa wa 1:1280. Uliza walizimua hadi wapi.

*

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Nataka kutengeneza ELISA ya brusela, kipimo cha kingamwili kinachosomwa kwa rangi kwenye sahani ya vishimo, kwa ajili ya binadamu hapa Uganda badala ya kutegemea seti za nje. Nianzie wapi, na watu hukwama wapi? Na naweza kuondoa chanya za uongo kabisa?
Mwanafunzi, Kampala

Hongera kwa nia, lakini anza kwa kujua usichopaswa kufanya: usioteshe Brucella kwenye maabara ya kawaida. Bakteria wachache mno wakivutwa puani wanatosha kumwambukiza mtu, na brusela ni miongoni mwa magonjwa yanayowapata watu wa maabara mara nyingi zaidi. Kuwaotesha kwa wingi kunataka maabara ya usalama wa ngazi ya 3. Nunua antijeni iliyosafishwa, au shirikiana na maabara yenye ruhusa. Kabla ya kugusa damu ya mtu yeyote, kibali cha kamati ya maadili na cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia (UNCST) kiwe mkononi.

Antijeni ya kupaka kwenye sahani ni lipopolisakaridi laini, LPS, ile sukari na mafuta ya ngozi ya nje ya bakteria. Ikiwa washirika wako wataitoa kwa fenoli ya moto, waambie wasimwage tabaka la fenoli. Kwa E. coli, LPS hukaa kwenye tabaka la maji. Kwa Brucella laini hukaa kwenye fenoli. Anayefuata kitabu cha E. coli hutupa mali na kubaki na maji.

Sahani yenye vishimo 96 ipake mikrolita 100 kwa kila kishimo, LPS mikrogramu 1 kwa mililita kwenye bafa ya kaboneti ya pH 9.6, usiku kucha kwenye nyuzijoto 4. Osha mara nne kwa bafa ya fosfeti yenye Tween 20 asilimia 0.05. Ziba nafasi zilizobaki wazi. Weka seramu iliyozimuliwa, 1:100 au 1:200 kwa kuanzia, dakika 30 hadi 60. Osha. Weka kingamwili ya kushika IgG ya binadamu iliyofungwa kimeng'enya cha HRP. Osha tena. Weka TMB, kemikali ambayo kimeng'enya huipa rangi, dakika 10 hadi 15 gizani, simamisha kwa asidi ya salfuriki, rangi igeuke kutoka buluu kuwa njano, soma kwenye nanomita 450.

Hayo ya sahani utayajua kwa wiki mbili. Namba za kuanzia zisikufunge: panga LPS ya mikrogramu 0.25, 0.5, 1, 2 na 4 upande mmoja wa sahani, na kimeng'enya 1:1,000 hadi 1:16,000 upande wa pili, kisha uchague mahali ambapo seramu chanya dhaifu inaachana na hasi kwa umbali mkubwa zaidi. Usichague mahali ambapo chanya kali inang'aa kuliko zote. Huo ni urembo wa picha tu.

Matatizo utakayokutana nayo kwa hakika. Wengi huziba vishimo kwa maziwa ya unga kwa kuwa ni rahisi. Kwa ugonjwa huu tusingeyatumia. Maziwa ya ng'ombe yana kingamwili za ng'ombe, zinazoweza kushikwa na kimeng'enya chako au hata kuwa za brusela zenyewe. Tumia kaseini safi au albumini. Usitie sodiamu azidi kwenye bafa yoyote inayokutana na HRP, itakiua kimeng'enya na utahangaika siku nzima ukidhani antijeni ni mbovu. Vishimo vya pembeni hupata joto kabla ya vya katikati na kusoma juu, hivyo usibebanishe sahani ndani ya inkubeta. Ukipima IgM, ondoa kwanza IgG kwenye seramu, la sivyo watu wenye kingamwili za baridi yabisi watatokea chanya bila kosa lolote.

Usiripoti usomaji mbichi. Kila sahani iwe na chanya kali, chanya dhaifu, hasi, na kishimo kisicho na seramu. Toa usomaji wa hasi kwenye usomaji wa sampuli, gawanya kwa tofauti kati ya chanya kali na hasi, zidisha kwa 100. Hapo sahani ya Jumatatu na ya Alhamisi zitaweza kuzungumza.

Sasa mahali ambapo kazi nyingi hufia: mpaka kati ya chanya na hasi. Ukichukua wagonjwa mahututi 40 wa hospitali na wachangiaji damu 40 wenye afya, utapata kipimo kizuri ajabu kwenye karatasi, kisha kitaanguka siku ya kwanza kijijini. Mtu atakayepimwa kweli ni yule mwenye homa, aliyekunywa bongo (maziwa ya kuganda) tangu utotoni, aliyeugua malaria mara ishirini. Damu zako za "hasi" zitoke kwa watu wa aina hiyo hiyo: wenye homa ya malaria iliyothibitishwa, wenye taifodi iliyooteshwa, wafugaji wazima. Mpaka ulioletwa na seti kutoka Ulaya, ambako watu wachache wamekutana na brusela, usiuamini kabla hujaupima hapa.

Damu za "chanya" nazo zina shida yake. Kuotesha damu ndiyo hakika, lakini wagonjwa wengi hawaoti, hasa wa muda mrefu. Kubali kuotesha, au kupanda kwa taita mara nne kati ya sampuli mbili zilizopishana wiki mbili au zaidi. Lakini usipime ELISA yako kwa kuilinganisha na Rose Bengal pekee. Vyote viwili vinatafuta sukari ileile, vitakubaliana hata pale vinapokosea pamoja.

Idadi: ukitarajia kipimo kinase wagonjwa 90 kati ya 100, na unataka uhakika wa kupungua au kuzidi 5, unahitaji wagonjwa wa kweli 139. Ukitarajia kiwaache wazima 95 kati ya 100, kupungua au kuzidi 3, unahitaji wasio wagonjwa 203. Hiyo ndiyo gharama yako kubwa, siyo sahani.

Halafu fanya hesabu hii kabla ya kumtangazia mtu yeyote. Tuseme watu 1,000 wenye homa, 40 kati yao wana brusela kweli, na kipimo kinanasa asilimia 90 na kuacha wazima asilimia 90. Utapata chanya za kweli 36 na za uongo 96. Kati ya kila karatasi nne za "chanya", karibu tatu ni za uongo. Kipimo kilekile, kikitumiwa kwa wachinjaji wenye homa na viungo kuuma, ambako nusu wana ugonjwa, kinaaminika kwa asilimia 90. Kwa hiyo andika kwenye maelezo ya kipimo ni nani apimwe. Maelezo hayo ni sehemu ya kipimo kama bafa ilivyo.

Unauliza pia kama unaweza kuondoa chanya za uongo kabisa. Chanzo chake kikubwa cha kibakteria ni Yersinia enterocolitica O:9. Mnyororo wa sukari yake umejengwa kwa perosamini, aina ya sukari, ileile ya Brucella, ila wake wote umeunganishwa kwa namna moja, na wa Brucella una viungo vya namna mbili. E. coli O157 na Vibrio cholerae O1 nazo zinaweza kuchanganya. Watafiti wametengeneza vipande vifupi vya sukari vyenye kile kiungo cha pekee cha Brucella ili kuikwepa Yersinia, na ndiyo njia tunayoona ina matumaini. Protini za ndani ya seli zimejaribiwa pia. Tatizo lake ni kwamba si kila mgonjwa huzitengenezea kingamwili za kutosha.

Na jambo moja la kihistoria, kwa kuwa uko karibu na Entebbe. David Bruce aliyemtambua bakteria huyu Malta mwaka 1887 ndiye huyohuyo aliyekuja Entebbe mwaka 1903 kuchunguza malale. Kipimo cha kushikana kilianza kutumika kwa homa ya Malta, jina la zamani la brusela, mwaka 1897, na mwaka 1905 Themistocles Zammit alikitumia kwenye damu ya mbuzi wa Malta, akakuta mbuzi wenye afya ya kuonekana ndio waliokuwa wakiusambaza. Kipimo kilichofumbua fumbo hilo kilikuwa seramu, bakteria na jicho. Tunasema hivi kwa sababu vituo vingi havihitaji ELISA yako kwanza. Vinahitaji Rose Bengal iliyosomwa dakika ya nne. ELISA ina nafasi yake kwenye hospitali za rufaa, kwenye uchunguzi wa watu wengi, na kutenganisha ugonjwa wa sasa na wa zamani.

*

Mbuzi wangu wawili na ng'ombe mmoja wametupa mimba. Naweza kupima maziwa badala ya damu? Watoto wanakunywa maziwa hayo.
Mama wa mifugo, Kotido

Pole, mama. Kuanzia leo maziwa yachemke kabla ya kunywewa, na yale ya kugandisha yachemshwe kwanza kisha ndiyo yagandishwe. Kuchacha peke yake si kinga. Mimba iliyotupwa na kondo visiguswe kwa mikono mitupu, vichimbiwe chini au vichomwe, na mbwa wasivipate.

Kwa ng'ombe kipo kipimo cha pete ya maziwa. Antijeni iliyotiwa rangi ya buluu, mikrolita 30, inachanganywa na mililita 1 ya maziwa mabichi na kukaa saa 1 kwenye nyuzijoto 37. Kingamwili zikiwemo, bakteria hushikana na kupanda pamoja na mafuta, na utaona pete ya buluu juu na maziwa meupe chini. Maziwa yasiwe yamechemshwa, yamegandishwa kwa barafu wala kutikiswa kwa nguvu njiani, na boda boda ya kilomita 40 ni mtikiso wa kutosha. Dang'a, na maziwa ya chuchu yenye ugonjwa wa kiwele, hutoa pete za uongo. Kwa mbuzi kipimo hiki hakifai, wao wachukuliwe damu. Afisa mifugo wa wilaya anaweza kutuma sampuli Entebbe, kwenye maabara ya taifa ya magonjwa ya wanyama. Mwambie kama mnyama aliwahi kuchanjwa: chanjo ya S19 ya ng'ombe na Rev.1 ya mbuzi huacha kingamwili zilezile ambazo kipimo kinazitafuta. Watoto wakiwa na homa au wakichechemea, wapelekwe kituoni na utaje mimba zilizotupwa. Usipotaja, huenda wakatibiwa malaria tu.

*

Nilipokuwa nachanja ndama nimejichoma sindano kidoleni. Nipime lini?
Mchanjaji, Isingiro

Osha kwa sabuni na maji mengi, chukua jina la chanjo kwenye chupa, na uende hospitali leo. Damu ya kwanza itolewe sasa, kabla mwili haujaanza kujibu, ndiyo itakayolinganishwa na za wiki ya 6, 12, 18 na 24. Pima joto lako kila siku kwa miezi hiyo.

Jina la chanjo linabadilisha kila kitu. S19 na Rev.1 ni laini, yaani zina ile sukari ya ngozi ya nje, kipimo cha damu kitaziona. Rev.1 haisikii streptomaisini. RB51, chanjo nyingine ya brusela ya ng'ombe, haina ile sukari ya nje, kwa hiyo hakuna kipimo cha kawaida cha kingamwili kitakachoiona, na hasi yako haitakuwa na maana. Ukipata homa itabidi damu ioteshwe. RB51 pia haisikii rifampisini, ambayo kwa kawaida ni nusu ya dawa za kinga za wiki 3. Daktari asipojua ni chupa ipi, anaweza kukupa dawa ambayo bakteria huyo hajali. Beba chupa yenyewe, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa.